Kitanda cha Bei Kubwa

Juzi nilikwenda kumnunulia mwanangu mkubwa godoro la bwenini. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, alisimamisha moja mbele yangu akalipiga makofi ubavuni ili nisikie lilivyo gumu, na harufu ya nailoni mpya ikanijia usoni. Nikatafuta pa kukaa. Kijana akadhani nimeshtushwa na bei, akaanza kupunguza mwenyewe bila kuombwa. Nikamwacha aendelee. Siku hizi ninachoka kiasi kwamba hata kubishana bei naona ni kazi ya kulipwa, na isitoshe akili yangu haikuwa pale dukani. Ilikuwa Karatu, nikiwa mtoto wa shule ya msingi mwenye vumbi jekundu kwenye soksi.

Baba alikuwa dereva wa watalii. Najua wengi wa rika langu mliokulia mbali na kule mnaiona hiyo kuwa kazi ya raha: kofia, miwani ya jua, simba kila siku. Sisi tuliokuwa tukiwapokea madereva wale nyumbani tuliujua upande wa pili. Mvua za masika zikishakatika na wageni wakaanza kumiminika, Baba tulikuwa tunamwona kwa kuibia. Aliwachukua wageni wake lojini kungali giza, akashuka nao kreta, akaendelea nao Serengeti, akawarudisha hadi Arusha, na Arusha akakuta wengine wameshashuka kwenye ndege wanamsubiri na mabegi yao. Wageni wakilala loji za Karatu, yeye alikuja kulala nyumbani. Aliingia na vumbi kwenye kope, akakaa kwenye stuli ya mlangoni, akavua kiatu kimoja, na mara nyingi alisinzia hapo hapo kabla hajavua cha pili.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama," alijibu macho yakiwa yamefumbwa. Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake mzazi, Aikande.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya barabara kuu. Kitanda cha wazazi kilikuwa cha chuma, na godoro lake lilikuwa limebonyea katikati kiasi kwamba ukilala ukingoni, asubuhi unajikuta bondeni. Baba alilala pale fofofo na kuamka akiwa vile vile alivyolala. Asubuhi Mama alimuuliza swali lile lile, "Umepumzika?" Naye akamjibu jibu lile lile, "Nimepumzika," huku akizunguka chumbani kutafuta funguo za gari alizokuwa amezishika mkononi.

Mama aliuza mitumba kwenye meza iliyoegemea ukuta wa steshenari ya Dada Paskalina. Huyu alikuwa Mwiraqw wa Kansay, mwanamke mrefu mwenye vidole vyepesi, aliyechapa barua za nusu ya mji, akatoa kopi na kupiga picha za paspoti. Wamaasai wa Endulen waliingia na vyeti vyao vikiwa kwenye mfuko wa plastiki, akina mama wa kwao Kansay waliingia siku za mnada kuomba kuweka mizigo, na wote aliwakaripia kwanza ndipo akawahudumia. Kwa watoto alikuwa mpole. Nikitoka shule nilikaa kwake mpaka Mama afunge meza, na kwa kuwa pembeni kulikuwa na kompyuta ya zamani isiyotumika tena kwa kazi, aliniwashia mchezo ambao mdogo wake aliuleta kwenye sidii kutoka Arusha.

Mchezo wenyewe haukuwa na mbio wala risasi. Ulipewa mtu mmoja, nyumba ndogo na pesa kidogo, ukaambiwa uyaendeshe maisha yake. Basi. Alitakiwa kula, kuoga, kwenda kazini, kulipia umeme, kulala. Leo nikiwaza naona ajabu kwamba mtu mzima alikaa akatengeneza kitu cha namna ile akakiita mchezo, lakini wakati ule nilikipenda kupita maelezo. Chini ya kioo kulikuwa na mistari midogo, mmoja wa njaa, mmoja wa usafi, mmoja wa usingizi. Mtu akiwa salama mstari ni wa kijani. Akizidiwa unageuka mwekundu, naye anashika kiuno na kutikisa kichwa kukataa unachomwamuru. Mtu wangu nilimwita BABA, kwa herufi kubwa.

Ndani ya mchezo kulikuwa na duka, na dukani kulikuwa na vitanda. Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha, nikamwomba Dada Paskalina anisomee.

"Hiki cha bei ndogo kina nyota moja ya usingizi," alisema akiwa amesimama nyuma yangu na karatasi zake. "Hicho cha mwisho kina nyota zote. Mtu wako akilala hapo anaamka upesi, uchovu umekwisha."

"Kweli, dada?"

"Si ndivyo walivyoandika."

Kwangu hilo lilitosha. Jambo lililoandikwa kwa Kiingereza ndani ya kompyuta sikuwa na sababu ya kulitilia shaka, na zaidi ya hapo lilinieleza kitu nilichokuwa nakitafuta siku nyingi. Baba hakuwa anachoshwa na kazi. Baba alikuwa anachoshwa na kitanda. Na kilichoniumiza ni kwamba kitanda kizuri tulikuwa nacho.

Kilikuwa Machame. Mchaga wa Karatu haishi Karatu, anapanga Karatu. Anaishi mlimani, hata kama mlimani kwenyewe anafika Krismasi peke yake. Mshahara wa Baba na bakshishi za wageni wake vilipanda huko vikageuka matofali, mabati na madirisha ya nyumba iliyokuwa inainuka katikati ya migomba, jirani na nyumba ya Bibi. Katika chumba kikubwa, sakafu ikiwa bado ni zege, alikuwa ameshaweka kitanda cha mninga, kipana, kilichochongwa maua upande wa kichwani, na juu yake godoro nene lililobaki na nailoni yake. Nilikuwa naingia mle kulinusa. Ukiligusa kwa kidole nailoni inalia.

Hakuna aliyelilalia. Kwetu nyumba mpya hailaliwi mpaka mchungaji aibariki, na haibarikiwi mpaka iishe, na ikishaisha lazima ukoo uitwe, kwaya ije, mbuzi wachinjwe na watu wale wasaze, la sivyo utasemwa mpaka kwa wajukuu. Kila Krismasi nyumba ilikuwa imebakiza kitu. Mara dari, mara vigae vya baraza, mara pesa ya hao mbuzi. Sisi tulilala kwa Bibi. Mama na mimi tulilala kitanda kimoja na shangazi, na Baba na wadogo zake walitandika mkeka sebuleni wakabanana, hatua chache tu kutoka kwenye mninga wake.

"Baba, si ulale pale leo tu," nilimwambia asubuhi moja nilipomwona anajinyoosha mgongo barazani kwa Bibi.

"Bado, mama. Mpaka ibarikiwe."

Nilimwelewa kwa namna yangu. Nilijua friji haigandishi mpaka ichomekwe ukutani, nikaona kitanda nacho, pamoja na nyota zake zote, hakifanyi kazi mpaka mchungaji aje akiwashe. Nilimchukia mchungaji kidogo kwa uzembe wake. Kanisani siku ya Krismasi nilimkazia macho mahubiri yote, nikitumaini atakumbuka kiporo chetu.

Tuliporudi Karatu nikawa na mpango. Mlimani tulikuwa tunamsubiri mchungaji, lakini kwenye kompyuta hapakuwa na mchungaji, pesa tu. Na jinsi pesa inavyotunzwa nilikuwa naiona nyumbani kila siku. Niliuza viti vya mtu wangu, akawa anakula amesimama. Niliuza televisheni. Niliuza taa ya sebuleni, maana dirisha lilikuwepo. Jirani akija kumtembelea alisimama mlangoni, akaangalia huku na huku, akaondoka. Mwisho nikauza hata kitanda chake cha nyota moja, kwa hesabu kwamba cha nyota zote kimekaribia na huwezi kuwa na vitanda viwili, naye akawa analala sakafuni.

Dada Paskalina alipita akachungulia. "Aika, huyu mtu wako mbona anaishi kama mlinzi wa jengo?"

"Anajenga," nilimjibu.

Alicheka mpaka akashika meza, akamwita Mama kupitia dirishani aje asikie. Mama akaja, akanisikiliza nikirudia, akamtazama yule mtu anayekula amesimama katika chumba kitupu. Yeye hakucheka. Alisema kuna mteja mezani, akatoka.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa katikati ya msimu, jua la mchana likiwaka juu ya vumbi la barabarani. Nilikuwa nimebakiza zamu moja tu ya kazi ili pesa ya kitanda itimie. Mstari wa usingizi wa mtu wangu ulikuwa umekuwa mwekundu mpaka ukaisha. Basi la kazini likapiga honi nje ya nyumba yake. Nikamwamuru aende. Akashika kiuno, akatikisa kichwa. Nikamwamuru tena. Alikwenda mpaka getini, akakunja magoti taratibu, akalala pale pale chini, na basi likamwacha.

"Huyo amepatwa na nini?"

Ilikuwa sauti ya Baba. Wageni wake walikuwa wameondoka Serengeti kwa ndege ndogo, na wengine angewapokea loji jioni ile, hivyo alikuwa na mchana mtupu, jambo ambalo halikuwa kawaida. Mama alikuwa amemwambia aende nyumbani akalale, naye akasema amsalimie mtoto kwanza. Alivuta kiti cha plastiki akakaa nyuma yangu, mgongo ukutani. Alinuka petroli na jua.

"Amechoka," nilisema. "Lakini ni kidogo tu, Baba. Anatafuta kitanda."

"Kitanda gani?"

Nikamfungulia duka nikamwonyesha. Nikamweleza habari ya nyota, kwamba akishakinunua atakuwa analala kidogo tu na uchovu wote unakwisha, halafu anarudi kazini mzima. Nikamweleza vitu vyote tulivyouza. Baba aliinamia kioo, akasoma jina lililoandikwa juu ya yule mtu aliyelala getini.

"Mwache alale kwanza," alisema.

"Akilala chini mstari unajaa polepole sana, Baba."

"Hata polepole. Mwache, mama. Tutamsubiri."

Tukamsubiri. Sikuwahi kufanya hivyo kabla, kukaa tu na kumtazama mtu wangu amelala. Mstari ulianza kurudi kidogo kidogo, mwekundu ukawa njano. Nilitaka kumwonyesha Baba njano ile, nikageuka, nikamkuta kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, mkono wenye funguo kifuani. Alikuwa amelala.

Kisha umeme ukakatika. Ninyi mliokulia miaka ile mnaijua sauti ile ya kompyuta inapokata roho. Kila siku Dada Paskalina alikuwa ananikumbusha kuutunza mchezo ulipofikia kabla sijaondoka, na siku ile sikuwa nimefika hapo, nilikuwa nimeanza tangu asubuhi kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa. Zile siku zote za kula amesimama nilikuwa nimezitunza. Iliyopotea ni pesa ya zamu zote za tangu asubuhi. Nilifungua mdomo nilie. Dada Paskalina akaweka kidole mdomoni mwake kuninyamazisha, akaelekeza macho kwa Baba.

Nyuma ya steshenari kulikuwa na jenereta, na Dada Paskalina hakuwa mtu wa kuacha pesa ipite. Hakuiwasha. Akina mama wa Kansay waliingia na makelele yao ya mnada, akawaambia jambo kwa Kiiraqw kwa sauti ya chini, wakanyamaza, wakatoka wakinyata na madumu yao. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyetaka kopi ya cheti alimtazama Baba, akachuchumaa nje kivulini kusubiri, wala hakuuliza umeme utarudi lini. Jua likaanza kuingia mlangoni na kumfikia Baba usoni. Mama akaja, akasimama pale mlangoni mgongo wake ukiziba jua. Nilimwona akiwaacha wateja wawili watatu wapekue meza yake kisha waende zao. Hakuondoka.

Nilisahau kulia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ninamwona Baba amelala kweli, miguu imeachia, uso umelegea kama wa mtu nisiyemfahamu vizuri, na nilipomtazama niliona kwamba kiti kile cha plastiki hakikuwa na nyota hata moja. Hilo lilinitatiza. Nilikaa nalo mchana ule wote.

Kilichomwamsha ni simu mfukoni mwa shati. Alisimama kabla hajafumbua macho.

"Ndiyo, bosi," alisema. "Nimepumzika. Nakuja sasa hivi." Akairudisha simu mfukoni, akanitazama. "Mtu wetu ameamka?"

"Umeme ulikatika. Amepoteza pesa yote ya leo."

"Pole, mama. Ungeniamsha."

"Ulikuwa umelala."

Aliniwekea mkono kichwani ukakaa hapo, mzito. Halafu akaanza kupapasa mifuko kutafuta funguo, na Mama akamshika ule mkono uliokuwa na funguo akamfumbulia vidole. Baba akacheka kidogo. Wakatazamana namna ambayo sikuwahi kuwaona wakitazamana, akatoka, na jua likaingia lote.

Baadaye nilianza mchezo upya. Safari hii nikawa mjanja: ile pesa ya kuanzia yote nikamnunulia mtu wangu kitanda cha nyota zote. Alilala vizuri sana, akafa njaa. Nikaacha kucheza.

Baba aliendelea kuendesha. Nilikwenda sekondari ya bweni, kisha chuo, kwa pesa ile ile ya kreta na Serengeti, na kila niliporudi nilimkuta mnene kidogo zaidi na mzito kidogo zaidi kuvua kiatu. Nyumba ya Machame ikapata vigae, ikapata geti. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni ilikuwa imebakiza dari ya chumba kimoja na pesa ya sherehe, na Baba alisema Krismasi ile ndiyo. Hakuifikia. Ni moyo, walisema. Aliwashusha wageni salama uwanja wa ndege, akarudi kwenye gari, akakaa kwenye usukani wake, hakuliwasha.

Ukoo ukakaa ukasema mtu hawezi kutolewa kwenda makaburini kutoka nyumba ya mama yake wakati ana yake, na jeneza haliwezi kuingizwa kwenye nyumba isiyobarikiwa. Basi mchungaji akaitwa asubuhi, siku ile ile ya mazishi. Alipita chumba hadi chumba na kitabu chake, shangazi na baba wadogo wakimfuata na macho mekundu wakiitikia amina. Baraka tuliyoisubiri kwa mbuzi na kwaya ilichukua muda wa chai kuchemka. Nilisimama mlango wa chumba kikubwa nikamtazama akinyoosha mkono juu ya kitanda cha mninga. Kilibaki vile vile. Niliona aibu kwamba nilikuwa nimekiangalia.

Wanawake walihitaji godoro la kutandika chini sebuleni, kwa ajili ya mjane. Shangazi akaingia chumbani, akalivuta lile, akachukua kisu cha jikoni akachana nailoni kutoka mwisho hadi mwisho. Harufu ikajaa nyumba nzima. Mama alisimama akakataa kukaa.

"Hilo ni lake," alisema.

"Kaa, wifi," shangazi alimwambia. "Ni lenu."

Akakaa. Nilikuwa nimesafiri na sijafumba macho tangu nilipopigiwa simu, na Mama aliponiona nimeegemea ukuta aligonga godoro kwa kiganja. "Njoo ulale kidogo, kabla hawajamleta." Nikalala ubavuni mwake. Lilikuwa godoro zuri, sitasema uongo, halikubonyea popote. Nililala nisijue nililalaje. Nilipoamka nilisikia gari likiingia getini na wanawake wakianza kulia, na viungo vyote vikawa vinaniuma kuliko nilipolala.

"Umepumzika?" Mama aliniuliza.

"Nimepumzika," nilimjibu, nikaanza kutafuta viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimevivaa.

Yule kijana wa magodoro alikuwa amefikia bei ya mwisho na kuapa kwamba hapo hapati kitu. Nikamlipa. Alipoanza kulifunga kamba, nikamwambia alichane nailoni hapo hapo dukani.

"Mama, litachafuka njiani," alisema. "Watu wote wanaondoka nayo."

"Lichafuke," nikamwambia.